Kazi ya Kukaa

Mama anayeuza maandazi mtaani kwetu Tabata hupita kila shule zinapofungwa akiulizia madaftari yaliyokwisha. Kwangu huwahi, maana anajua nyumba ya mwandishi haikosi karatasi. Alipopita mwezi wa saba mwaka 2025 nilikuwa na mzigo wa kumfaa. Binti yangu, mtoto wangu wa pekee, alikuwa amepangiwa shule ya bweni mkoani Iringa kwa kidato cha tano, na katika kupakia tranka lake tulikuwa tumefukua chini ya kitanda kila kitu alichowahi kuandika tangu chekechea.

Sikuyatoa madaftari yale bila kuyapitia. Kazi yangu imenizoesha kutotupa karatasi kabla ya kuisoma, hata ikiwa risiti. Katika daftari la Kiswahili la darasa la tatu, la mwaka 2016, nikakuta insha yenye kichwa "Kazi ya Baba Yangu". Ilikuwa hivi, yote:

"Baba yangu anafanya kazi ya kukaa. Asubuhi anakaa. Mchana anakaa. Mama akirudi kazini anamkuta amekaa. Akichoka kukaa anasimama dirishani halafu anakaa tena. Mimi nampenda baba yangu."

Mwalimu alimpa nane kwa kumi. Chini yake, kwa wino mwekundu, akaandika: "Je, kukaa ni kazi?"

Nilicheka hadi mama maandazi akachungulia sebuleni kuona kulikoni. Madaftari mengine yote akayachukua. Lile nikabaki nalo, na swali la mwalimu nikabaki nalo pia, kwa sababu nimeulizwa hilohilo kwa midomo mingi tangu mtoto huyu azaliwe na sijawahi kulijibu vizuri.

Alizaliwa mwaka 2007. Mama yake ni muuguzi, na siku zile zamu za usiku zilikuwa zikimwandama. Mimi nilikuwa nimeacha kazi ya mshahara gazetini miezi michache kabla, eti niandike kitabu. Hesabu ya nyumba haikuhitaji kalamu: mwenye mshahara aende kazini, asiye nao abaki na mtoto. Nilikuwa nimesikia kwamba watoto wachanga hulala sana. Ni kweli, ila hawalali pale unapowalaza. Wa kwangu alitaka mgongo. Ukimlaza kitandani macho yanafumbuka kabla kichwa hakijagusa mto.

Aliyeniokoa ni mama wa nyumba ya pili, aliyemsikia mtoto akilia saa nzima akashindwa kuvumilia. Aliingia na kanga yake mkononi. "Inama, baba," akaniambia. "Inama kama umedondosha shilingi." Akamweka mtoto mgongoni, akatandaza mbeleko, akapitisha upande mmoja chini ya kwapa na mwingine juu ya bega. "Usipige fundo, litakuumiza kifua. Sokota, halafu chomeka." Nilisokota, nikachomeka, ikafunguka. Mara ya nne ikashika.

Kuandika ukiwa na mbeleko kuna kanuni zake. Huwezi kuegemea kiti. Unakalia ukingo wa stuli. Huwezi kutulia, maana ukiacha kuyumba anaamka. Kwa hiyo unaandika huku unayumba, kama mtu aliye kwenye jahazi. Na huwezi kuandika sentensi ndefu. Sentensi ndefu inataka utulivu wa kuifuata hadi mwisho wake, nami sikuwa na hakika ya kufika mwisho wa chochote. Nikawa naandika fupi. Miaka mingi baadaye mhakiki mmoja aliusifu mtindo wangu wa sentensi fupifupi, akausukia nasaba ndefu ya riwaya za upelelezi ambazo mimi, wallahi, sikuwa nimezisoma. Sikumsahihisha. Ningemwambiaje kwamba mtindo ule ulitoka kwenye mgongo unaouma?

Lakini kulikuwa na dakika moja kila usiku. Mtoto akishikwa na usingizi wa kweli huwa mzito ghafla. Anakuwa amejikaza, vigoti vimebana mbavu zako, halafu kitu kinaachia, na uzito wake wote unakuangukia mara moja. Pumzi inateremka shingoni kwa mwendo mmoja, na baina ya mabega unasikia ubichi wa udenda unaanza kupenya fulana. Niliungoja uzito ule kuliko nilivyowahi kungoja simu ya mchapishaji. Ukishuka, nilijua nina dakika arobaini. Kitabu chenyewe kilipotoka nilifurahi siku mbili. Siku ya tatu nikaona kosa la chapa katika ukurasa wa kumi na moja, na furaha ikaishia hapo. Udenda wa mabegani naukumbuka mpaka leo.

Jioni moja nilitoka naye mgongoni kupunga upepo, nikapita penye baraza la kahawa. Nikawaamkia wazee. Mmoja akaitikia marahaba yake, akanitazama, akaitazama mbeleko.

"Mkeo yuko wapi?"

"Yuko kazini, mzee."

"Na wewe?"

"Na mimi niko kazini."

Akamalizia kahawa yake taratibu, akakiweka kikombe chini. "Basi kazi yako imelala," akasema, na baraza zima likaangua kicheko. Nami nilicheka, kwa sauti ya chini, nisije nikaiamsha.

Mwaka 2011 ulikuwa wa mgao mkali wa umeme, ule ambao vinyozi na wachomelea vyuma hawajausahau. Kuna siku tulikaa gizani saa nyingi kuliko kwenye mwanga. Binti alikuwa na miaka minne. Usiku mmoja nilikuwa na hadithi ya kuwahisha kwa mhariri asubuhi yake. Betri ya kompyuta yangu ilikuwa imekufa kitambo, mashine ikiishi kwa waya, na mimi, mtu mzima mwenye akili zake, nilikuwa nimeandika saa mbili bila kuhifadhi. Kukazimika. Mtaa mzima ukaguna kwa pamoja, kama kawaida yake, na kurasa zangu nne zikaenda na umeme.

Nilikuwa nimefungua mdomo kutukana. Kutoka kwenye mkeka, sauti ndogo ikasema: "Baba, wamewasha giza."

Nikaufunga mdomo. Sisi wakubwa husema umeme umekatika, kana kwamba ni kamba. Yeye aliona kwamba giza nalo lina swichi yake, na lina wenyewe wanaoliwasha. Ni akina nani? Hakusema. Lakini hata sisi tukisema "wamekata" huwa hatusemi ni akina nani, na kila mtu anaelewa. Nilikuwa nimeishi katika Kiswahili zaidi ya miaka thelathini na sikuwahi kuisikia sarufi ile ya lawama mpaka mtoto alipoigeuza juu chini.

Nikawasha chemli. Kwa kuwa hadithi ilikuwa bado moto kichwani na pa kuiandika hapakuwapo, nikamsimulia yeye. "Paukwa!" "Pakawa!" Nikaanza. Kila nilipovuta pumzi aliuliza "Halafu?", na hapo ndipo nilipogundua jambo la kutia aibu: kuna kurasa mbili nzima katika zile nne ambazo hazikuwa na halafu. Palikuwa na mvua nzuri sana mle, na mawazo ya mhusika juu ya mvua, lakini halafu haikuwapo. Alfajiri umeme uliporudi niliandika yale tu aliyoyaulizia. Hadithi ilitoka nusu ya urefu wake, na ndani yake nikapachika "wamewasha giza" bila kumwomba mwenyewe ruhusa.

Wizi huo ulijulikana alipofika darasa la pili, akajua kusoma vya kutosha kupekua rafu yangu. Akaja na kitabu wazi mkononi. "Hii ni yangu." Sikubisha. Akadai malipo. Tukakaa, tukapatana: pakiti kumi za ubuyu mwekundu, wa duka la pembeni, usio na pilipili. Nililipa siku ileile. Katika maisha yangu yote ya uandishi sijauona mrabaha mwingine uliolipwa kwa wakati.

Naona haya kueleza nilichofanya baada ya usiku ule wa giza, lakini nitakieleza. Nilinunua daftari dogo la mfukoni, nikaanza kuvuna. Kila alichosema kilichonifurahisha nilikiandika palepale. "Jana ya kesho ndiyo leo?" Nikaandika. Sufuria ikifuka mvuke, "chai inavuta sigara." Nikaandika. Haikupita miezi miwili akanigundua. Akawa anatunga makusudi: anasema jambo, halafu ananitazama mkono kuona kama kalamu itatoka. Maneno yakaanza kunuka juhudi. Alikuwa amekuwa mwandishi kama mimi, mwenye jicho moja kwa msomaji, na mimi nilikuwa nimekuwa baba wa kuvizia. Nikalitia daftari kabatini. Ilichukua muda kabla hajaanza tena kusema bila kunitazama.

Usidhani nilikoma. Kosa lilelile nililirudia kwa ukubwa zaidi mwaka 2015, alipokuwa na miaka minane, nilipoamua kumpeleka Bagamoyo. Niliipanga siku ile kama sherehe. Nilikuwa nimeahidi gazeti makala juu ya misafara ya pembe za ndovu na watumwa, nikaona nitaua ndege wawili: nipate makala, na mtoto apate historia yake kutoka kinywani mwa baba yake, mahali penyewe. Nilikuwa na kurasa tatu za maelezo. Magofu ya Kaole asubuhi, Ngome Kongwe, Boma la Wajerumani, kisha misheni.

Kaole alitaka kujisaidia. Ngome Kongwe ndala yake ilikatika, tukaifunga kwa kamba ya mfuko. Bomani akauliza kama kuna chipsi. Niliendelea kuhutubia. Jua la saa saba lilikuwa limetukalia utosini na sauti yangu mwenyewe ilikuwa imeanza kunichosha.

Pale misheni kuna mbuyu uliopandwa mwaka 1868, mwaka mapadre walipofika. Katika shina lake kuna mnyororo. Husimuliwa kwamba ulifungwa pale zamani ili kufungia punda, ukasahaulika, na mti ukaendelea kunenepa hadi ukaumeza. Leo kinachoonekana ni kipande kifupi tu kinachotokeza kwenye gome. Watu walikuwa wakipiga picha na kuondoka. Binti yangu alisogea, akaweka kidole pale hasa chuma kinapoingia ndani ya mti, akakiacha pale. Nadhani alikaa robo saa. Akapapasa mdomo wa gome ulivyojikunja kuzunguka pete ya chuma, laini, kama ngozi ya kovu.

"Uliumia?"

"Nani?"

"Mti."

Katika kurasa zangu tatu hapakuwa na jibu. Nikaukunja mkoba wangu wa maarifa, nikasimama kando yake, na mimi nikaweka kidole. Gome lilikuwa la moto upande wa jua, na chuma kikawa cha moto zaidi. Turudipo, ndani ya basi, alilala mapajani mwangu na ndala yake yenye kamba. Makala ya misafara niliiandika, ikatoka, ikapita. Hakuna aliyeniuliza neno juu yake, na haki yao, maana iliandikwa na mhadhiri. Kile kidole sijawahi kukiandika mpaka leo.

Tarehe 1 Juni 2019 marufuku ya mifuko ya plastiki ilianza nchini, na kwa muda karatasi ikarudi kupata heshima. Magazeti ya zamani yakatafutwa. Mama maandazi, aliyekuwa akifungia kila kitu kwenye vimfuko vyeusi, akarudia ustadi wa bibi yake. Asubuhi moja binti, sasa darasa la sita, alitumwa vitafunwa. Akarudi mbio, kifurushi kifuani.

"Baba! Uko kwenye maandazi!"

Tukakifungua mezani, maandazi matatu yakahamia sahanini. Ilikuwa hadithi yangu fupi ya ukurasa wa Jumapili, ya zamani kidogo. Jina langu lilikuwa limechanwa nusu. Mafuta yalikuwa yameifanya karatasi iwe kama kioo cha bafuni, maneno ya upande wa pili yakawa yanapenya: mhusika wangu, mvuvi mmoja wa Tanga, alikuwa anateremka pwani usiku huku matokeo ya ligi yakipita katikati ya kifua chake. Tulisoma kwa zamu, tukikisia palipofunikwa na doa. Hadithi ikakatika pale mvuvi anapoona taa juu ya maji.

"Halafu?" akasema. Neno lake lilelile.

Sikukumbuka. Nilijaribu kila namna. Ile taa ilikuwa ya nani? Niliiandika mimi, nililipwa kwayo, na sikuikumbuka.

"Mwisho amekula mtu mwingine," akahitimisha, na bila kungoja akatunga wa kwake: taa ilikuwa ya baba wa mvuvi, aliyezama zamani, anamtafuta mwanawe ili amwonyeshe samaki walipo. Ni mzuri kuliko wowote ambao ningeweza kuwa nimeuandika. Hata hivyo tulikwenda pamoja kwa mama maandazi kuulizia kama anakumbuka aliyechukua kipande cha chini. Hakukumbuka. Lakini alipojua kwamba gazeti lile lina maandishi yangu, uso ulimchanua. "Ah, hizo zako nazipenda," akasema. "Zinafyonza mafuta."

Nimewahi kusifiwa ukumbini, na mtu mwenye kipaza sauti. Sikumwamini kama nilivyomwamini mama yule. (Wino wa gazeti na mafuta ya moto havifai kukutana, najua. Naishi na muuguzi.) Siku hizi magazeti yamekuwa haba hata kwake, anafungia kwa madaftari na karatasi za maofisini. Mwezi uliopita kachori zangu zilikuja ndani ya muhtasari wa kikao cha watu nisiowajua, nikasoma hadi agenda ya mengineyo.

Nalirudia swali la mwalimu. Kiswahili hakimsaidii sana, kwa sababu kukaa kwetu kuna kazi nyingi. Tunakaa kikao, tunakaa matanga, tunakaa na wageni. Mtu akiuliza unakaa wapi anataka kujua maisha yako yako wapi. Nguo ikimpendeza mtu tunasema imemkaa, na mhariri wangu wa kwanza, mzee mkali asiyesifu, akiridhika na sentensi alikuwa anasema neno moja tu: "Imekaa." Nilikuwa naweza kuishi wiki nzima kwa neno lile.

Tena wapo walionitangulia. Mwana Kupona alipotunga utendi wake mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alianza kwa kumwita binti yake asogee karibu. Shaaban Robert, karani wa forodha aliyeachwa na watoto baada ya mkewe Amina kufariki, katika utenzi wa kumuusia binti yake jambo la kwanza analomtaka ni akae kitini. Tumefundishwa shuleni kuhesabu mawaidha yaliyomo humo. Mimi nikiyasoma leo nasita palepale mwanzoni, kabla ya wosia wowote: mzazi yupo, mtoto amesogezwa, wamekaa. Sina wosia wa kiwango chao. Nikijumlisha, mtoto wangu amenirekebisha mara nyingi kuliko nilivyomuusia. Lakini kukaa nilikaa.

Orodha ya vitu vya shule ilitaka godoro, ndoo, fyekeo, sweta na rimu moja ya karatasi. Godoro nililitoa kwa moyo mkunjufu. Rimu niliitoa rafuni mwangu kwa uchungu, karatasi mia tano safi, naye akaipokea akijua. Alfajiri tulikuwa Mbezi, kituo cha mabasi, mama yake akimpa dawa za mafua kabla ya mafua, mimi nikihangaika na kuli juu ya tranka. Basi likaondoka, tukarudi nyumbani bila kuongea.

Kimya nilikuwa nimekiomba miaka kumi na minane. Sasa nilikuwa nacho kuanzia asubuhi hadi mke wangu arudi: hakuna mlango unaopigwa, hakuna anayeuliza chaja iko wapi, hakuna anayesoma kwa sauti nyuma ya bega langu. Wiki ya kwanza niliandika mistari kumi na moja, nikafuta tisa. Nilisimama dirishani sana.

Shuleni kwao simu haziruhusiwi. Jumapili alipiga kwa simu ya matroni, dakika mbili, na nyuma yake nilisikia foleni ya wasichana wakimhimiza. Akazungumza mbiombio: baridi ni kali, kitanda chake ni cha juu, maharage yana mchanga, jirani yake wa kitanda anaota kwa sauti na anayoyasema ni hadithi tupu, ameanza kuyaandika kwenye ile rimu.

"Na wewe unafanya nini, Baba?"

Nikaangalia meza, stuli, chai iliyopoa.

"Nimekaa."

Akacheka, nikasikia mtu akimnyang'anya simu, akairudia.

"Haya, Baba. Kazi njema."